Mizani Haisomi Mwaka

Kopo lilikuwa la Africafe, lile kubwa, mdomo wake umefungwa kwa kipande cha kanga na uzi wa katani. Bibi aliyelibeba alitoka Masoko, kule Rungwe. Alishuka kwenye Coaster pale Uyole, akapanda daladala hadi Mwanjelwa kunitafuta, na mvua ya Aprili ilikuwa imemlowesha mabega yote mawili. Nikamwamkia, ugonile bibi, nikamvutia kigoda karibu na jiko la mkaa. Chai hakutaka. "Mwanangu," akasema, "nipimie."

Neno lile silisahau. Hakuniambia nimtazamie. Alisema nipimie, kwa sababu mwaka huo wa 2012 sokoni nilijulikana hivyo: kijana wa mizani, anayenunua hela za kale kwa gramu.

Kazi hiyo niliitoa kwa sonara. Nilikaa miaka minne kwa sonara mmoja mjini Mbeya, karibu na Soko Matola, nikianzia kuvukuta moto na kufagia vumbi la chini ya meza, ambalo kwa sonara halitupwi kwa kuwa lina chembe za fedha ndani yake. Mbeya ni mji uliozoea mizani. Dhahabu ya Chunya imekuwa ikishuka hapa tangu enzi za wachimbaji wa Lupa, na hata mtu asiyewahi kuishika hujua kuwa pointi ni sehemu ya kumi ya gramu. Lakini mimi nilivutwa na fedha, na hasa fedha iliyokwisha kuwa sarafu, kwa sababu ilikuja na uzito wake tayari. Sonara alinifundisha kwamba rupia ni tola moja. Tola ni kipimo cha Wahindi, gramu 11.66, na rupia ya India ilikatwa iwe na uzito huo huo, fedha sehemu 917 katika 1,000. Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilipoanza kutoa rupia zake mwaka 1890, zile zenye Kaizari Wilhelm wa Pili kavaa kofia yenye tai juu yake, ilifuata kipimo kile kile, maana soko la pwani lilikuwa limeizoea rupia ya India. Ukishika ya Malkia Victoria mkono huu na ya Kaizari mkono ule, mizani haioni tofauti: kila moja ina fedha tupu kama gramu 10.69. Nusu rupia gramu 5.83. Robo, 2.92. Riale ya Maria Theresa, ambayo huandikwa 1780 hata kama iligongwa miaka mia baadaye, gramu 28 na fedha sehemu 833. Nilizikariri namba hizi kama mtoto anavyokariri jedwali la kuzidisha, na nikaamini nimeshaijua biashara.

Basi nikalimimina kopo la bibi juu ya gunia. Nikapitisha sumaku, haikunasa kitu. Nikatenga rupia, zikawa 14. Zimelika kidogo, zote pamoja gramu 161. Zilizobaki zilikuwa hela za shaba, nyingine nyekundu na nyingine za njano, pamoja na senti chache zenye tundu. Nazo nikazipakia kwenye mizani ya kilo, zikawa kilo moja na nusu. Fedha nikampa shilingi 800 kwa gramu, shaba nikampa bei ya shaba. Jumla shilingi 138,000 na kidogo. Bibi alizihesabu mara mbili, akazifunga kwenye pindo la kanga, akasema ndaga fijo, akaondoka. Rupia nikazipeleka kwa sonara, akanipa 1,000 kwa kila gramu ya fedha tupu, yaani karibu 147,600. Shaba nikaivusha barabara kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Siku hiyo nililala nimeridhika. Nilikuwa nimepima kwa haki, mbele ya macho yake, na mizani yangu ilikuwa sahihi.

Kipigo changu cha kwanza hakikutoka kwenye kopo lile. Kilitoka Makambako. Mtu mmoja alinipigia kwamba ana shilingi za mkoloni, zile zenye simba mbele ya milima, kilo moja na gramu 200. Nilizinunua kwa shilingi 400 kwa gramu. Zilikuwa nyeupe, zinalia vizuri ukizidondosha, na kichwani mwangu kila kilicho cheupe na cha zamani kilikuwa fedha. Nilitoa 480,000, nyingine nilizokopa kwa shemeji yangu.

Sonara hakuzipima. Alichukua tano, akazigeuza, akaniuliza, "Umesoma miaka?" Sikuwa nimesoma. Nilikuwa nimesoma gramu.

Shilingi ya Afrika Mashariki iliyoanza kutolewa mwaka 1921 ina uzito wa gramu 7.78, lakini fedha ni robo tu, sehemu 250 katika 1,000. Ndani ya shilingi moja kuna fedha isiyofika gramu mbili. Tena hiyo ni mpaka zile za 1946. Kuanzia 1948 fedha iliondolewa kabisa, wakatumia shaba na nikeli, na sura ya simba ikabaki pale pale. Za kwangu zilikuwa 156. Tulikaa usiku kucha kwa taa tukizitenga kwa mwaka: 60 zilikuwa za 1946 kurudi nyuma, zilizobaki 96 hazikuwa na fedha hata chembe. Na hata hizo 60, sonara alisema kutoa robo ya fedha kutoka kwenye robo tatu za shaba kunakula mkaa na asidi kuliko faida. Alinipa 90,000 kwa kunihurumia. Deni la shemeji nililimaliza baada ya mavuno mawili ya viazi.

Tangu hapo nilianza kusoma miaka, lakini niliisoma kama mtu wa fedha tu: kabla ya 1946, baada ya 1948, basi. Ilinichukua miaka mingine miwili kujua kwamba mwaka una kazi nyingine.

Nilimfahamu mwalimu mstaafu wa historia, Iringa mjini, upande wa Gangilonga. Nilikuwa nimesikia kwamba anakusanya sarafu, nikaenda kumuuzia rupia sita. Nikabisha hodi, kamwene mwalimu, akanikaribisha, na kwa kuwa nilitaka zipendeze machoni pake, usiku uliotangulia nilikuwa nimezisugua kwa jivu na ndimu kama tunavyosugua sufuria. Ziling'aa kama vioo. Mzee alichukua ya kwanza, akaitazama kwa lenzi, akairudisha mezani taratibu sana.

"Mwanangu, nani amekufanyia hivi?"

Nilimwambia ni mimi. Akanyamaza. Kisha akanionyesha moja ya kwake, nyeusi kama sufuria ya makande, yenye rangi ya zambarau kidogo ukiielekeza dirishani. Rangi ile, alisema, inachukua miaka mingi kujijenga, na ndiyo inayomwonyesha mkusanyaji kuwa uso wa sarafu haujaguswa. Yangu ilikuwa na mikwaruzo elfu moja midogo, yote ya jana. Niliiweka kwenye mizani yangu mbele yake: haikuwa imepungua hata pointi moja. Kwa sonara ilikuwa na thamani ile ile. Kwa mwalimu ilikuwa imekufa. Akazinunua zote sita kwa bei ya fedha, kwa sababu ni muungwana, akaniomba nisiwahi tena kusugua sarafu ya mtu.

Ndipo akatoa kisanduku cha kiberiti kilichotandikwa pamba. Ndani yake kulikuwa na sarafu ya njano, imegongwa kwa pupa, ukingo haujanyooka. Upande mmoja taji, herufi D.O.A., yaani Afrika Mashariki ya Kijerumani, mwaka 1916, na chini yake T ndogo. Upande wa pili namba 20 na neno Heller.

"T ni Tabora," akasema mwalimu.

Alinieleza kwa utaratibu wa mtu aliyefundisha miaka thelathini. Vita vya 1914 vilipoanza, Waingereza walifunga bahari, na hela kutoka Ujerumani zikakatika. Serikali ya kikoloni ilikuwa na askari na wapagazi wa kulipa. Ikagonga sarafu zake yenyewe kwenye karakana ya reli ya Tabora: za dhahabu ya mgodi wa Sekenke, rupia 15, zenye tembo na mlima nyuma yake, na hizi za hela tano na hela 20 za shaba. Kwa sababu ziligongwa na mafundi wa reli kwa mashine ambazo hazikukusudiwa kazi hiyo, hazifanani. Nyingine nene, nyingine nyembamba. Wakusanyaji wanazitenga kwa ukubwa wa taji, na kwa ncha za zile herufi mbili za L katika neno Heller, kama zimepinda au zimechongoka. "Ndiyo maana," akasema, "hii huwezi kuijua kwa mizani. Uzito wake hautulii."

Nikamuuliza zingefikaje huku kwetu. Alicheka kwa furaha, nadhani ni swali alilokuwa akilisubiri. Wabelgiji waliingia Tabora Septemba 1916. Vikosi vya Kijerumani vya upande ule, chini ya Jenerali Wahle, vilirudi nyuma kuelekea kusini, na Oktoba na Novemba vilikuwa vikipigana huku huku, Iringa, Malangali, Lupembe. Maelfu ya watu walibeba mizigo yao njiani. Hela za Tabora zilitembea kwa miguu mpaka nyanda za juu.

Sikumsikia vizuri mwishoni. Nilikuwa nimekumbuka kopo la Africafe. Zile za njano. Nilizigusa kwa mikono yangu miwili, nikaona taji, na nadhani hata hiyo T niliiona, nikazimwaga kwenye mizani ya kilo pamoja na vipande vya bomba. Zilikuwa tisa au kumi. Nikamuuliza mwalimu moja tu angeinunua kiasi gani. Alichotaja kwa moja kilikuwa kikubwa kuliko nilicholipwa kwa kilo yote na nusu ya shaba ya bibi.

Nilirudi Mbeya siku ile ile, nikaenda kwa wanunuzi wa vyuma. Miaka miwili! Shaba haikai hata wiki mbili pale; inapakiwa kwenye lori, inaenda Dar es Salaam, inaingia tanuruni.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Masoko. Ni mahali pazuri sana, ziwa limekaa ndani ya shimo la volkano kama maji ndani ya bakuli, na jengo la Wajerumani liko juu ya ukingo. Watu wa pale husimulia kwamba Mjerumani alipokuwa anakimbia alizamisha silaha na hela ziwani, na kwamba hela hutokea ufukoni hadi leo. Nilimkuta bibi anaanika maharage. Nikampa bahasha yenye shilingi 100,000, nikamwambia ni deni la hela zake.

Akaniangalia. "Kwani zilikuwa nzito kuliko ulivyopima?"

"Hapana bibi. Uzito ulikuwa ule ule."

"Basi deni limetoka wapi?"

Nilikaa chini kwenye mkeka na kumweleza yote, Tabora, karakana ya reli, T, Jenerali anarudi nyuma na wapagazi wake. Alisikiliza bila kuacha kupepeta. Nilipomaliza akasema baba mkwe wake alikuwa mpagazi. Alichukuliwa kijijini akiwa kijana, akarudi akiwa na mguu mmoja unaoburuta na zile hela, na mpaka anakufa hakuna duka lililozipokea, maana aliporudi nchi ilikuwa ya Mwingereza. Alikuwa akiwaambia watoto wazitunze, mwenye nazo atarudi kuzinunua. "Kumbe ulikuwa wewe," akasema bibi, na nikashindwa kula chakula alichonipakulia.

Siwezi kueleza biashara yangu ya sasa bila siku hiyo. Bado nanunua kwa uzito. Yeyote anayesema uzito hauna maana katika sarafu hajawahi kuhitaji kulipa ada ya shule Jumatatu. Uzito ndio sakafu. Rupia iliyolika, iliyotobolewa ikavaliwa shingoni, iliyosuguliwa kama nilivyozisugua zile sita, haina mkusanyaji, na muuzaji wake anastahili bei ya fedha ya siku hiyo, ataonyeshwa namba kwenye mizani na hesabu kwenye karatasi. Ila siku hizi mizani inakuja mwisho. Kwanza namwaga kila kitu juu ya kitambaa cheupe, sigusi nyuso, nashika kingo, nasoma mwaka, nasoma herufi. A ni Berlin, J ni Hamburg, T ni Tabora. Sarafu ya rupia mbili, ya 1893 au 1894, ukibahatika, usiifikirie kwa gramu hata kidogo. Hela tano kubwa za shaba za 1908 na 1909, pana kuliko sarafu yoyote iliyo mfukoni mwako leo, watoto wa skrepa huzidhania vifuniko. Na kuna pesa ya Seyyid Barghash wa Zanzibar, ya mwaka 1299 wa Hijria, ambayo nyuma yake imechorwa mizani. Ninayo moja, siuzi. Naipenda tu.

Pia najua sasa kwamba kila siku tunazitaja sarafu hizi bila kuzikumbuka. Hela ni ile Heller ya Mjerumani. Pesa ni paisa ya Wahindi. Fedha ni fedha yenyewe, madini. Mtu anaposema hana pesa, hana hela, hana fedha, ametaja kopo zima la bibi.

Ninachokipata kikiwa na thamani kuliko madini, namlipa mwenye nacho bei ya fedha papo hapo ili asirudi nyumbani mikono mitupu, naandika jina na picha kwenye daftari, na ikiuzwa tunagawana ziada nusu kwa nusu. Wenzangu walisema nitafilisika. Sijafilisika. Vikopo vinakuja kutoka Kyela, Ileje, Njombe, kwa sababu wajukuu wanaambizana.

Ila lazima niseme juu ya rupia za uongo, maana hapa watu wanaumia. Jirani yangu mmoja aliuza shamba la mahindi Mbalizi ili anunue rupia aliyoambiwa inavuta mchele. Walimwonyesha kabisa, punje zikaruka zikaganda kwenye sarafu. Bei ilikuwa milioni tatu. Alipoileta kwangu niliisogezea sumaku na ikanasa, tap. Fedha hainaswi na sumaku. Shaba hainaswi. Kilichokuwa mle ni chuma kilichopakwa rangi, na punje zao bila shaka zilikuwa na chuma ndani. Hakuna sarafu duniani inayovuta mchele. Hakuna. Mtu akikwambia hivyo mbele ya familia yako, mwite mwenyekiti wa mtaa.

Nyingine ni za ujanja zaidi, hazinaswi na sumaku na uzito wake umesawazishwa mpaka 11.66. Hizi nazishika kwa maji. Uwe na mizani inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu. Weka kikombe cha plastiki chenye maji juu yake, rudisha mizani kwenye sifuri. Ning'iniza sarafu kwa uzi mwembamba mpaka izame yote bila kugusa chini wala ubavu. Namba inayotokea ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Rupia ya kweli itasoma kama 1.13, kwa sababu fedha ile ni nzito kuliko maji mara kumi na kidogo. Ya shaba na nikeli, hata ikiwa na uzito sahihi, itasoma karibu 1.31, maana inahitaji unene zaidi kufikia uzito ule. Nilimfundisha binti yangu akiwa darasa la sita, na sasa ananishinda. Mkono wake hautetemeki.

Na wale wanaochimba usiku kwenye maboma na chini ya miembe wakitafuta mali ya Mjerumani, nawaomba waache. Kuchimba mahali pa kale bila kibali ni kosa kwa Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, na katika miaka yangu yote sijanunua sarafu hata moja nzuri iliyotoka kwenye shimo lao. Udongo wetu wa mvua unakula shaba. Zilizo nzuri ziko kwenye masanduku ya bibi zetu.

Kwa wanunuzi wa vyuma pale Mwanjelwa nilipita mmoja mmoja. Niliwaachia picha ya sarafu ya mwalimu, nikawaambia chochote cha njano chenye taji, msikirushe kwenye rundo, nitalipa mara kumi ya bei ya kilo na zaidi kikiwa kizuri. Walipokea picha kwa adabu. Mwaka ukapita, na wa pili.

Mwezi uliopita, asubuhi na baridi, alikuja kijana mmoja wa kusukuma mkokoteni, kashika kitu ndani ya soksi. "Mzee, ndiyo hii?" Nikaitandikia kitambaa. Ilikuwa chafu ya matope, ukingo haujanyooka. Nilitumia dakika nzima na lenzi kabla ya kuiona T, na L zote mbili zimechongoka. Nilimlipa pale pale, nikamwandika kwenye daftari, nikamwagizia chai na maandazi. Alikuwa amekunywa nusu kikombe nilipomuuliza ameitoa wapi.

"Kwenye gunia la shaba lililoletwa jana kutoka Lupembe," akasema. "Bado hatujalimwaga lote."

Tukaiacha chai mezani.